Gauni la shuka: uzoefu wangu kwa mafundi wawili

Jamani ngoja niwaelezee hili la kushonesha gauni kwa shuka, maana kila nikilivaa naulizwa kitambaa nimetoa wapi na nikisema ni shuka la mtumba watu hawaamini. Nililipata soko la Karume hapa Dar kwa elfu nne, la kitanda cha sita kwa sita, pamba tupu, na shuka la ukubwa ule linatoa gauni refu la mikono na kaptula ya mtoto juu. Kitambaa kipya kizito namna ile Kariakoo kwa hela hiyo, sahau.

Ila la kwanza lilinitoa machozi. Fundi wa jirani alilikunja shuka akakata palepale katikati, mi sikujua kitu, gauni likatoka zuri nikavaa kanisani, nakaa tu nasikia chwaa, mgongo wote umeachia. Na sio mshono umefumuka, ni kitambaa chenyewe kimechanika. Kumrudishia ananiambia "dada, kitambaa chako kibovu". Iliniuma sana.

Nikanunua lingine, safari hii nikampelekea mama mmoja Buguruni anashonea barazani kwake, cherehani ya miguu. Hata kunipima hajanipima, akaliinua shuka mlangoni penye mwanga akaniita, "njoo uone mwanangu". Yaani pale katikati mwili unapolala mwanga unapita kama kwenye chandarua, ila pembeni na miguuni kitambaa kimeshiba kabisa. Nikaelewa kilichonikuta kanisani. Akanirudisha kwanza nikalifue kwa maji ya moto, kama ni kurudi lirudi kabla ya mkasi sio baada, na akachomoa uzi mmoja pembeni akauchoma, ukanuka karatasi ukaacha majivu, akasema hii pamba, ingekuwa polista ungeyeyuka ukawa kidonge.

Halafu akachora kwa kipande cha sabuni, mbele na mgongo kavitoa pembeni, palipochakaa kapafanya bitana ya kifuani tu. Lile pindo pana la shuka hakulifumua, ndo pindo la chini la gauni, limenyooka na linalipa gauni uzito likae vizuri, hicho ndicho nakipenda kuliko vyote.

Ufundi elfu kumi na tano, zipu juu yangu. Alichelewa siku nne na hilo sikulipenda, nilikuwa na shughuli Jumamosi nikaenda na nguo nyingine, kwa hiyo ukimpelekea mpe wiki mbili kabisa. Lakini miezi minane sasa nalivaa karibu kila wiki, linafuliwa linaanikwa juani, mgongo bado mzima, na kwa joto la Dar halinati mwilini.

Jana nimempelekea foronya nne za blauzi ya binti yangu, ameshaziinua mlangoni, moja kaikataa.