Fromaji ya Masisi kwa burger ya biringanya
Kwa burger isiyo na mkate, fromaji (jibini) ya maziwa ya ng'ombe wa Masisi, huku Kivu Kaskazini, naipenda sana. Naikuta soko la Virunga, hapa Goma: mviringo mzima wa manjano, jamii ya Gouda, fromaji ya Uholanzi. Pahali pa mkate nakata biringanya nene kama kidole, natia chumvi itoe maji, napangusa, nachoma juu ya mbabula (jiko la makaa). Nyama ikiiva, naweka kipande cha fromaji juu yake. Inayeyuka, inashika biringanya, na burger haimwagiki mkononi! Muombe mama muuzaji akuonjeshe kwanza. Ile changa inayeyuka vizuri. Iliyokomaa ina ladha kali, mimi naila na viazi. Majani ya shu (kabichi) nayo yanafaa ukiyapitisha kwenye maji ya moto, ila biringanya ni tamu zaidi.