Akaunti isiyo na makato ya mwezi: daftari langu la mwaka mmoja

Nashona madera na sare za shule hapa Kiembeni, Mombasa. Wiki iliyopita jirani yangu anayekaanga viazi karai aliniuliza afungue akaunti gani ambayo haitamla pesa zake. Nilianza kumjibu tukiwa tumesimama, nikaona maneno ni mengi. Nayaandika yote hapa, maana najua si yeye peke yake anayeuliza.

Benki yangu ya kwanza sitaitaja jina. Nilifungua akaunti ya hundi pale mwaka 2019 kwa sababu shule iliyonipa kazi ya sare ilikuwa hailipi taslimu wala kwa simu. Kwa miaka miwili mambo yalikwenda. Hundi zikiingia, nilikuwa natoa pesa ya vitambaa na vifungo, na yale makato madogo ya mwisho wa mwezi sikuyatazama. Kisha shule ikachukua fundi mwingine. Akaunti ikabaki na shilingi 2,900, nami nikaziacha humo nikijua ni akiba yangu ya dharura.

Baada ya miezi tisa nilizifuata. Nilikuwa nataka kwenda Biashara Street kuchukua kitambaa cha oda ya harusi. Karani akatazama kompyuta yake, akaniambia kwa upole, "Mama, hapa hamna kitu. Tena unadaiwa shilingi 340." Nikaomba statimenti. Kila mwisho wa mwezi mistari miwili: ada ya leja, yaani ya kutunza akaunti, 300, ushuru 60. Mara tisa. Nililipa hizo 340 ndipo nikakubaliwa kuifunga.

Nilipomuuliza ningefanyaje ili yasinikute, alinieleza kwamba salio lisiposhuka chini ya shilingi 50,000, ada ya mwezi inasamehewa. Nililifikiria jambo hilo njia nzima ndani ya matatu. Kwangu mimi 50,000 ni vitambaa vya msimu mzima wa kufungua shule. Nikivishona na kuviuza Januari, faida yake inazidi mara kadhaa zile 4,320 ambazo benki ingenikata kwa mwaka. Nikizilaza benki bila riba ili nisikatwe, nimepoteza zaidi. Msamaha huo umeshonwa kwa kipimo cha mtu ambaye pesa zake zina nafasi ya kulala. Ukiambiwa "ada ni bure ukiweka kiasi fulani", piga hesabu kwanza hicho kiasi kingekuletea nini kikiwa mikononi mwako.

Ndipo nikafungua akaunti ya kawaida benki ya Equity. Sababu yangu ni ya zamani kidogo. Marehemu baba alikuwa anauza nazi Kaloleni miaka ya tisini, na benki za mjini wakati huo zilikuwa zinadai salio la maelfu ndipo ufunguliwe akaunti. Aliweka pesa zake kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Equity ilianza mwaka 1984 huko Kangema, Murang'a, ikiwa kampuni ya mikopo ya nyumba, ikapata leseni ya benki mwaka 2004, na ilikua kwa kuwapokea watu kama baba: bila kima cha chini cha salio, bila ada ya leja kila mwezi. Niliipenda kwa hilo kabla hata sijaingia mlangoni mwake.

Nilipeleka kitambulisho na PIN ya KRA, ile namba ya mlipakodi. Mwaka umepita sasa. Nimeipitia statimenti mwezi kwa mwezi nikiwa na rula mkononi, na sijaona ada ya leja hata moja. Nilipougua mwezi wa Machi nikakaa wiki sita bila kuigusa, nilikuta salio lilelile nililoliacha. Baada ya yale ya nyuma, jambo hilo lilinifariji sana.

Lakini jirani yangu, na wewe unayesoma, sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo nilipojikwaa. Akaunti isiyo na makato ya mwezi haikutozi pesa ikilala. Inatoza ikitoka. Ukitoa kwa ATM kuna ada, ukitoa kwa wakala kuna ada, ukihamisha kwenda M-Pesa kuna ada. Wengi wetu tulizoea vibaya wakati wa korona: Machi 2020 Benki Kuu iliondoa ada za kuhamisha pesa kati ya benki na simu, na zikarudi Januari 2023. Mimi niliendelea na mwendo uleule wa kuchota kidogo kidogo, mia tano ya uzi leo, elfu ya umeme kesho. Mwezi wa kwanza nilitoa pesa mara kumi na nne. Nilipojumlisha kwenye daftari, ada za kutoa zilikuwa zimepita 400. Yaani nilikuwa nimekimbia ada ya 360 kwa mwezi na kulipa zaidi ya hapo, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilikaa na hilo daftari usiku mmoja, nikatenganisha pesa zangu mafungu mawili: zinazotembea na zinazolala.

Zinazotembea sizipeleki benki tena. Wateja wananilipa kwa Pochi la Biashara, huduma ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, na duka ninalonunua vitambaa lina namba ya till, ya kulipia kwa M-Pesa. Nikilipa kwa till, mimi mnunuzi sikatwi hata senti, basi hakuna haja ya kutoa taslimu kwanza. Hata uzi na zipu nanunua hivyo hivyo. Taslimu naitoa siku chache tu, tena kwa mkupuo. Kutoa kwa wakala wa M-Pesa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 ada ni 29. Anayetoa 300 analipa 29, na anayetoa 2,500 analipa hizo hizo 29. Huyo wa kwanza amekatwa karibu sehemu ya kumi ya pesa yake. Nikikumbuka mara ngapi nimetoa mia tatu nasikia uchungu.

Zinazolala nimezigawa. Nyingi ziko Equity. Za muda mfupi naziweka M-Shwari, akaunti ya akiba ya ndani ya simu, ile iliyoanzishwa na Safaricom mwezi wa Novemba 2012 pamoja na benki ambayo leo inaitwa NCBA. Haina ada ya leja, na kuhamisha kutoka M-Pesa kuingia humo, au kurudisha, ni bure. Kwa mtu anayeweka shilingi mia mia kila jioni sijaona njia rahisi kuliko hiyo. Kadi haina, kitabu cha hundi hakina. Kwa kazi ya shule bado utahitaji akaunti ya benki yenyewe.

Ubaya wa M-Shwari naujua kwa vidole vyangu: iko karibu mno. Mara tatu nilizichomoa saa tano usiku kwa mambo ambayo asubuhi yasingekuwa na haraka. Siku hizi nazifunga kwa miezi mitatu mitatu kwenye akaunti yake ya kufungia. Ukitaka kuvunja mapema inabidi uombe na usubiri, na huko kusubiri ndiko kunakoniokoa.

Kama unaogopa kwamba akaunti ya bure ni ya hatari, kote kuwili pesa ziko kwa benki yenye leseni, na shirika la serikali la bima ya amana linamlinda mwekaji hadi shilingi 500,000 kwa kila benki tangu mwaka 2020. Sisi wa Kiembeni tuko ndani ya kiasi hicho kabisa.

Unapokwenda kufungua akaunti yoyote, usitosheke na bango la "hakuna ada ya mwezi". Omba karatasi ya ada zote, uketi nayo. Uliza kutoa taslimu ni bei gani, kuhamisha kwenda simu ni bei gani, ujumbe wa simu unakatwa au la. Kisha uliza swali ambalo mimi sikuuliza mwaka 2019: nisipoigusa miezi tisa, nitaikuta na nini? Karani akisitasita, toka uende benki ya pili. Mabenki ni mengi pale Moi Avenue.

Jirani ameanza na M-Shwari, shilingi 200 kila akifunga jiko. Amesema akifika elfu kumi atakwenda benki, na nimemwahidi nitamsindikiza.

Mwezi uliopita mimi nilitoa taslimu mara tatu tu. Ada zangu zote zilikuwa shilingi 87. Tofauti ya 87 na zile 360 nimeinunulia zipu dazeni moja, nyeusi, za sketi za shule.