Uzoefu wangu: Usiku mmoja Lindisfarne, kisiwa kinachofungwa na maji

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na habari za maji kupwa na kujaa nilizijua kabla sijajua kusoma. Hata hivyo, safari yangu ya kwanza Lindisfarne, kisiwa cha kaskazini-mashariki mwa Uingereza, iliharibiwa na maji hayo hayo. Waliotupeleka walipanga saa ya kula na saa ya kununua zawadi wakasahau saa za bahari, hivyo hatukutimiza hata saa mbili kisiwani kabla ya kuhimizwa kurudi garini.

Mara ya pili nilijipangia mwenyewe. Halmashauri ya Northumberland, eneo ambamo kisiwa kimo, hutangaza saa salama za kuvuka, nami nikachagua kulala huko huko. Barabara ya magari, iliyojengwa mwaka 1954, huzama maji yanapojaa, na pembeni yake kipo kibanda cheupe juu ya nguzo, chenye ngazi, kwa ajili ya wanaonaswa. Mwenye miguu imara anaweza kuifuata njia ya kale ya mahujaji, iliyowekewa nguzo ndefu juu ya mchanga na tope, ilimradi aanze safari maji yakiwa bado yanapwa.

Mtawa Aidan alifika hapa kutoka Iona, kisiwa cha Uskoti, mwaka 635, na mwaka 793 Waviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia, wakaivamia nyumba ya watawa aliyoianzisha. Magofu ya leo ni ya karne ya 12. Nilisimama muda mrefu chini ya tao moja jembamba la mawe mekundu, ambalo mnara wake umeanguka zamani, lenyewe likabaki limening'inia hewani kama upinde wa mvua. Anayetarajia kukiona kitabu maarufu cha kale cha Injili kilichoandikwa kwa mkono kisiwani humu ajue kwamba kimehifadhiwa London. Ngome ya kisiwani niliipitia haraka. Nilivutiwa zaidi na mashua kuukuu zilizopinduliwa karibu nayo, zikapakwa lami na kufanywa stoo.

Jioni magari ya wageni yalipokwisha kuondoka, kijiji kilitulia kiasi kwamba nilisikia sili, wanyama wa baharini, wakilia mafunguni, sauti ndefu ya huzuni ambayo kwanza niliidhania ya watu. Kwa saa ile moja tu ningelipa tena gharama yote ya malazi. Asubuhi tulisubiri kwenye foleni ya magari hadi lami ya barabara ilipochomoza, ingali inachuruzika maji na kutapakaa mwani.