TAHADHARI: Sahani za maua "za Washaker" zinazouzwa mtandaoni

Ndugu zangu wa Maine na New Hampshire, hasa mnaopenda kuzungukia minada ya vitu vya kale: kuna muuzaji anatangaza "seti ya kauri iliyotengenezwa maalumu kwa Washaker wa Canterbury, mwaka 1840". Washaker ni jumuiya ya Kikristo ya Marekani iliyoishi kwa pamoja na bila makuu; Canterbury ni kijiji chao kimoja huko New Hampshire. Mimi kashanipiga dola 340.

Ni sahani sita na vikombe sita, vya maua ya waridi na ukingo wa dhahabu. Chini ya kila kimoja kuna maandishi meusi: Shakers, Canterbury, N.H. Kwa tamaa yangu nikaona nimeokota dodo chini ya mnazi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Washaker wa enzi hizo walikuwa hawataki urembo; kanuni zao za 1845 zilikataza hata nakshi za mbao zisizo na kazi. Baadaye, miaka ya mwisho ya karne ile, walilegeza, wakanunua vyombo vya viwandani kama watu wengine, kwa hiyo sisemi kila sahani yenye ua ni feki. Nasema 1840 na waridi la dhahabu haviendani.

Mzigo ulipofika nikageuza vikombe. Vyote vimesuguliwa kwa msasa katikati ya kitako, ila kimoja alikisugua kivivu: neno "Japan" bado linasomeka. Vyombo vya Japani vilivyoingia Marekani kati ya 1891 na 1921 kwa kawaida viliandikwa "Nippon", kwa hiyo hivi vya "Japan" haviwezi kuwa vya 1840. Nikachukua pamba na asetoni ya kutolea rangi ya kucha, nikafuta yale maandishi ya Washaker. Yakatoka yote, pamba nyeusi tii! Maandishi yaliyochomwa tanuruni hayatoki hivyo.

Nilipomwandikia akanijibu, "Mama, hiyo ni alama ya ghala tu," kisha akanifungia. Pesa haikurudi, maana alisisitiza nimtumie kama ndugu na rafiki, si kama mteja, njia isiyomlinda mnunuzi, nami nikakubali.

Mkitaka kununua, ombeni kwanza picha ya kitako iliyopigwa mwanga ukitokea ubavuni, msasa utaonekana. Canterbury yenyewe sasa ni makumbusho, waulizeni.

Jina la akaunti anabadilisha, lakini meza anayopigia picha ni ileile, ya mbao, ina alama ya kuungua kona ya kushoto. Jana usiku nimeiona tena. Juu yake kuna birika la waridi, dola 180, "la Washaker".