Kipimo cha DNA cha Mate: Nilivyomtafuta Baba wa Nyanya Hapa Kisumu

Hamjambo watazamaji, karibuni tena. Niko Kisumu, na hiki mnachokiona mkononi ni kichupa cha mate cha kupima asili. Kilinigharimu dola 99, na kukirudisha maabara ng'ambo nikalipa tena. Nusu saa kabla ya kutema huli, hunywi, hata chingamu hutafuni. Hapo hakuna ugumu.

Mimi nilikuwa namtafuta mtu mmoja. Baba wa nyanya yangu mzaa mama alikuwa Mpunjabi, mtu wa Asia Kusini, fundi wa reli, reli ile iliyofika hapa 1901 mji ukiitwa Port Florence. Alioa Mjaluo. Nyumbani hakuna anayejua hata kijiji alichotoka.

Majibu yakaja: Asia Kusini, asilimia 9. Ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja, kapata 15. Msishtuke, wala msianze kumshuku mama. Mzazi humpa kila mtoto nusu ya vinasaba vyake, yaani DNA, lakini si nusu ileile. Kitukuu hupata asilimia 12.5 kwa wastani tu. Ukirudi vizazi 10 una nafasi za wazee 1,024, na takriban nusu yao hawakukuachia hata chembe ya DNA. Ni wazee wako vilevile! Kipimo kisipowaona, usiwafute kwenye ukoo.

Kilichonivunja moyo ni upande wa Kiafrika. Kimeniandika Mluhya kwa sehemu kubwa, mimi wa Waluo pande zote. Maabara hulinganisha mate yako na sampuli walizo nazo tu, na za magharibi mwa Kenya zinazojulikana sana kwa watafiti ni za Waluhya wa Webuye, watu wapatao 100. Akikosekana Mjaluo wa kulinganishwa nawe, unapewa jirani. Kwa kabila, mimi sikitegemei.

Je, ununue? Kama una mzee aliye hai, mpime yeye kwanza, maana kila kizazi kinapoteza. Nyanya tulimzika kabla sijajua haya, na inaniuma. Ila mdogo wake wa kiume yuko Kibos, ana miaka 84. Kromosomu Y, kipande cha DNA cha wanaume pekee, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Yangu ni ya baba yangu, haimjui Mpunjabi. Ya mzee yule ndiyo ya Mpunjabi hasa.

Kichupa cha pili ni chake. Jumamosi nampelekea, pamoja na daftari, kwa sababu majina mate hayatoi.