Duka la dawa Chikongola, Mtwara: wanakuuliza mpaka usingizi

Kama una mzazi anameza dawa za presha na upo Mtwara mjini, nenda hapa. Nimewapa nyota nne kati ya tano. Duka lenyewe dogo tu, lipo huku Chikongola, ila yule dada anayehudumia anakuuliza maswali kabla hajashika hela yako.

Mama mkubwa wangu alikuwa anatumia propranololi, dawa ya presha, alianzishiwa kwenye kituo kimoja cha afya na hakuna aliyemwambia kitu zaidi ya meza asubuhi na jioni. Basi akabadilika, kapoa, hacheki, anakaa barazani anaangalia njia tu, usiku anaota ndoto za kutisha mpaka anapiga kelele, nyumbani wakaanza kusema ana majini apelekwe kwa mganga. Siku hiyo tumeenda kununua dawa tu, dada akamwamkia shikamoo mama, halafu akamuuliza usingizi unapata? Hapo ndo yakatoka yote.

Akatueleza taratibu kwamba hiyo dawa inayeyuka kwenye mafuta kwa hiyo inapenya mpaka kwenye ubongo, wapo watu inawaletea uchovu na ndoto mbaya, tofauti na atenololi ambayo ni ya kundi hilohilo lakini kule inaingia kidogo sana. Akasema pia tusilaumu dawa kwa kila kitu, presha yenyewe ikikaa juu miaka inaharibu mishipa midogo ya ubongo mtu anaanza kusahau, na zile dawa za presha za kukojoza zinaweza kushusha chumvi kwenye damu mzee akachanganyikiwa kabisa.

Nilichompendea zaidi hakutuuzia dawa nyingine palepale. Alisema msiache ghafla, ukiikata mara moja moyo unaweza kwenda mbio na presha ikapanda vibaya, akatuandikia kikaratasi twende nacho kwa daktari. Daktari akaipunguza kidogo kidogo akamhamishia amlodipini, dawa nyingine ya presha. Miguu inamvimba kidogo jioni, hilo tunalifuatilia, lakini ndoto zimeisha na sasa hivi anabangua korosho huku anagombana na wajukuu kama zamani.

Nyota moja nimekata kwa sababu presha wanakupima umesimama kaunta, kiti hamna, wakati mtu anatakiwa akae atulie kama dakika 5 kwanza ndo apimwe. Wekeni kiti jamani, wazee ndo wateja wenu. Bei za kawaida. Jumapili wanafunga saa saba mchana.