Shelfu ya mninga kutoka Keko, nzuri ila pimeni vizuri

Jamani nilitaka kona ya maktaba sebuleni, nikaenda Keko kwa fundi mmoja nikamwambia shelfu ya mninga, ukuta mzima. Mbao safi kabisa, haihitaji rangi, vanishi tu basi. Shida ni urefu wa rafu, kila moja kaifanya sentimita 120 bila nguzo katikati, sasa kamusi na mavitabu ya shule yameibonyeza kama kitanda cha kamba, ningejua ningesema 80. Nilipolalamika akaja kuongeza vibao vya kusimama bure, hapo nampa maua yake. Halafu msiibane na ukuta, unyevu wa Dar huu vitabu vinaota ukungu, acheni upenyo. Bei? Mninga ni mninga, jipangeni.